Fangasi wa vidole vya miguu: karafuu, mchaichai, titrii au krimu ya famasi?

Binti_Kibirizi
Habari za jioni ndugu zangu wa Kigoma na Tabora. Sisi tunaoshusha na kuosha dagaa hapa Kibirizi tunashinda ndani ya gambuti zilizolowa. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho ngozi inakuwa nyeupe, inalainika, inabanduka, na usiku inawasha hulali. Mjini wanauza vichupa vya mafuta ya karafuu, ya mchaichai na ya titrii (ya ule mti wa Australia, “tea tree”), hayo ya mwisho bei yake iko juu. Jirani yangu anasema mise tu, haya mafuta ya mbegu za michikichi, inatosha. Kipi kinatibu kweli? Nataka niwaambie wenzangu kitu cha uhakika, maana hela kwetu ni ya mawazo.

Mzee_wa_Sikonge
Binti, mchaichai unaota uani, wa nini kununua? Chemsha majani, acha yapoe, loweka miguu jioni. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya.

Nesi_Kasulu
Shikamoo mzee. Maji ya mchaichai yanaburudisha miguu, sikatai. Lakini kinachoua fangasi ndani ya mchaichai ni sitrali, nayo haichanganyiki na maji, na kwenye jani imo kidogo mno: kilo 100 za majani mabichi zikikenekwa, yaani mafuta yakitolewa kwa mvuke, hazitoi hata kilo moja ya mafuta. Kwa hiyo sufuria ya majani na kichupa cha mafuta ni dawa mbili tofauti kabisa.

Binti, utando wa seli ya fangasi umejengwa kwa ergosteroli, kitu ambacho seli zetu hazina. Klotrimazoli, ile krimu ya famasi, inazuia ergosteroli isitengenezwe. Mafuta ya mimea yenyewe yanajipenyeza kwenye utando wote mpaka seli inavuja. Ndiyo maana kwenye maabara karafuu, mchaichai na mdalasini zote zinaua fangasi vizuri sana. Ila sahani ya maabara haina ngozi ya kuungua.

Titrii ndiyo iliyopimwa vizuri miguuni mwa watu. Mwaka 1992 Australia walijaribu krimu ya asilimia 10: muwasho ulipungua, fangasi wenyewe wakabaki. Mwaka 2002 wakapandisha hadi asilimia 25 na 50, mara mbili kwa siku kwa wiki nne, na hapo asilimia 64 hivi walipona fangasi, wakati waliopakwa dawa isiyo na kitu walikuwa asilimia 31. Wachache ngozi iliwavimba, wakaacha. Sasa piga hesabu ya vichupa kwa wiki nne, ulinganishe na tyubu moja ya klotrimazoli.

Mpemba_Ujiji
Naitetea karafuu. Kwetu Pemba, kiwanda cha Wawi kinakeneka makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya kuchambua karafuu, na mafuta yake ni eujenoli, kile kiungo kikali cha karafuu, kwa sehemu kubwa mno. Nguvu ipo. Tatizo ni watu kupaka yakiwa mazima, ngozi ikachubuka wakadhani dawa inafanya kazi. Kipimo cha ngozi ni nusu mililita, kama matone 10, ndani ya mililita 100 za mafuta ya kula. Jaribu kwanza mkononi, usubiri siku nzima. Na wala usipake palipopasuka. Kichupa kiwe mbali na watoto, mtoto akinywa hata kidogo ini linaweza kuharibika.

Nesi_Kasulu
Kaka, kipimo chako nakiunga mkono, na kipimo hicho hicho ndicho kinachonifanya nisiiweke karafuu mbele. Titrii ya asilimia 10 haikuwaondoa fangasi mguuni. Karafuu inabidi ibaki nusu asilimia ili isiunguze. Iwe ya kuzuia wasirudi, sawa. Kutibu waliokwisha kuingia, hapana.

Muha_wa_Simbo
Kuhusu mise. Ni mafuta mazuri ya kuchanganyia hayo matone, yanalainisha na yapo kila nyumba. Lakini mwenye mba, yale mabaka meupe ya kifuani na mgongoni, asiyapake huko. Fangasi wa mba chakula chake ni mafuta, utakuwa unamlisha.

Urambo_Shamba
Je, mikaratusi? Tunayo mingi, ya kukaushia tumbaku. Na mwanangu ana mapunye kichwani, nimpake kipi?

Nesi_Kasulu
Mkaratusi uuache kwa mafua, sineoli, kiungo kikuu cha mafuta yake, kwa fangasi ni dhaifu. Mapunye usipake chochote kati ya hivi ukategemea kupona: fangasi wamo ndani ya shina la unywele, mafuta hayafiki. Mpeleke kituo cha afya apewe vidonge, kwa kawaida griseofulvini ya wiki sita hadi nane. Asiachie njiani nywele zikianza kuota.

Na Binti, kwa wenzako: mwenye kisukari akipata mpasuko kidoleni asijaribu kitu nyumbani, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Binti_Kibirizi
Asante sana dada Nesi, asanteni wote. Basi nitawaambia hivi: klotrimazoli asubuhi na jioni wiki nne, hata muwasho ukiisha wiki ya kwanza. Kati ya vidole pakaushwe kwa kitambaa cha kila mtu peke yake. Gambuti zigeuzwe juani zikauke. Mise yenye karafuu tutachanganya baadaye, ngozi ikishafunga. Nikichanganya nihifadhi kwenye chupa ya maji ya kunywa?

Mpemba_Ujiji
Hapana dada, mafuta ya karafuu yanakula plastiki. Tafuta chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, kama zile za dawa ya kikohozi, uijaze mpaka karibu na shingo na uifunge vizuri. Na uandike juu yake kwamba si ya kunywa.