Familia ya Bi Mwanaidi: mlango wa pikapu

ALHAMISI

Da Rehema, 06:14
Assalamu alaikum. Mlango wa nyuma wa pikapu umegoma tena. Kitasa kinavutika, mlango haufunguki. Bibi anahama Jumamosi na kabati lake haliwezi kupitishwa juu ya mlango uliofungwa. Nani yuko macho?

Da Rehema, 06:31
Nataka majibu, sitaki tiki za buluu.

Da Rehema, 06:50
Sudi, wewe ndiye wa mwisho kuitumia.

Sudi, 07:02
Shikamoo dada. Jana jioni ilikuwa inafunguka vizuri tu. Niliiosha, nikafunga, nikaenda kulala.

Da Rehema, 07:03
Marahaba. Umeiosha jioni, baridi hii? Maji yameingia kwenye makomeo yakaganda usiku kucha.

Idi, 07:10
Msiilaumu. Hata magoti yangu asubuhi hayafunguki 😂

Zai, 07:11
😂😂 Idi apakwe grisi

Halima, 07:11
Apuliziwe WD-40 tuone kama atanyooka

Da Rehema, 07:12
Jumamosi, jamani. JUMAMOSI.

Sudi, 07:15
Nimebandika maji jikoni, yakichemka namwaga.

Mjomba Kassim, 07:16
Sudi usimwage! Maji ya moto yataachia kwa dakika chache, halafu yatateremka ndani ya mlango na kuganda upya. Utakuwa umejiongezea barafu. Na rangi ikishtuliwa na moto ghafla inaweza kupasuka.

Fanya hivi. Gonga kwa kiganja kuzunguka kingo zote, ile barafu ya kwenye raba ipasuke. Kisha mtu mmoja ausukume mlango kama anayetaka kuufunga zaidi, na mwingine avute kitasa taratibu. Mlango ukiwa umeegemea ndoano, ndoano haziachii. Ukiusukuma unaziondolea uzito. Na usivute kwa hasira: plastiki kwenye baridi hukakamaa, inakatika.

Sudi, 07:18
Shikamoo mjomba, asante. Niko peke yangu, nani anakuja kusukuma?

Da Rehema, 07:40
Mmesikia swali. Zai? Idi? Jamali, uko mtaa wa pili tu.

Sudi, 08:25
Jirani kanisaidia. Kulia kumeachia. Kushoto bado.

Halima, 08:27
Kushoto.

Zai, 08:27
Kushoto kwa tenki 👀

Idi, 08:30
Nilijua tu tutafika hapo. Tenki lile halikufungwa kamba, na aliyesema atafunga kamba yumo humu humu.

Halima, 08:31
Nilisema nitafunga ukiniletea kamba. Kamba iko wapi mpaka leo?

Idi, 08:33
Na kunyoosha mlango nililipa mimi. Peke yangu. Gari mnatumia wote.

Zai, 08:34
Ule ulinyooshwa au ulitishiwa nyundo?

Da Rehema, 08:34
Liacheni tenki, nawaomba.

Halima, 08:36
Siwezi kuliacha, maana kila likitajwa nasingiziwa mimi.

Idi, 08:37
*Ujumbe huu umefutwa*

Baba Mkubwa, 08:52
Nimesoma yote. Hata uliofutwa nimeuwahi. Gari hilo marehemu ndugu yangu aliliacha mikononi mwenu wote. Habari ya tenki isitajwe tena humu mpaka mama yangu awe amelala kwenye chumba chake kipya. Shemeji Kassim, endelea na kazi.

Idi, 08:58
Samahani Baba Mkubwa.

Halima, 09:04
Tumesikia Baba.

Mjomba Kassim, 12:47
Asante shemeji. Sudi, upande mmoja ukiachia na mwingine ukagoma, mara nyingi si barafu peke yake. Panda kwenye bodi. Upande wa ndani wa mlango kuna kifuniko kilichoshikwa na skrubu, kinafunguka hata mlango ukiwa umefungwa. Utaona kitasa katikati na fimbo mbili nyembamba, moja inakwenda kwenye komeo la kulia, nyingine la kushoto. Angalia kama ya kushoto bado imeshikwa na klipu.

Sudi, 13:20
Skrubu ni za nyota, bisibisi yangu inateleza.

Mjomba Kassim, 13:22
Nyota ya kawaida au ile ya ncha sita? Ukiilazimisha utaila, na ikiliwa tutaitoboa.

Sudi, 13:23
Ya ncha sita.

Da Rehema, 13:24
Jamali unayo, nimeiona kwenye boksi lako.

Da Rehema, 14:05
Jamali, umesoma.

Zai, 14:09
Jamali naye ameganda 😂

Sudi, 17:36
Nimeazima kwa jirani yule yule. Nimefungua. Fimbo ya kushoto inaning'inia, klipu imekatika vipande viwili. Ndani kuna grisi nyeusi imekaza kama lami. Na chini kuna barafu.

Mjomba Kassim, 17:51
Basi umeukuta ugonjwa wote. Chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji, vimezibwa na tope. Vizibue kwa waya, la sivyo kila ukiosha gari maji yatabaki humo na baridi itaendelea kuwaonea. Grisi hiyo itoe yote kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa. Ikikauka, pulizia silikoni kwenye makomeo na kwenye raba. WD-40 inafukuza maji vizuri, lakini haikai, usiitegemee msimu mzima.

Hiyo nyeusi inaonekana ni grisi nzito ya beringi. Ikishapatwa na baridi na vumbi, komeo halirudi tena. Nani aliipaka?

Idi, 18:02
🙈

Da Rehema, 18:03
Idi, Baba Mkubwa yumo. Nyamaza hivyo hivyo.

Da Rehema, 18:05
Klipu nani ananunua? Kesho ni Ijumaa.

Sudi, 18:20
Nimeivuta fimbo kwa koleo, mlango umefunguka. Nifunge kwa waya hadi klipu ipatikane?

Mjomba Kassim, 18:26
Waya utashika kwa muda, ila usiuamini na kabati la Bibi nyuma. Mimi ningeuvua mlango kabisa hiyo Jumamosi. Mnachomoa nyaya za pembeni, mnauinua kwenye bawaba, watu wawili. Mzigo mnaufunga kamba za kutosha.

Da Rehema, 18:28
Mjomba, tukiuvua nani anauhifadhi? Ukipata mkunjo mwingine itakuwa kesi. Mimi nataka utengenezwe na ubaki mahali pake.

Halima, 18:30
Uvuliwe. Na kamba nitaleta mimi, mwenyewe, mikononi mwangu.

Baba Mkubwa, 18:41
Vizuri Halima.

Da Rehema, 18:44
Sawa, Halima kamba. Klipu bado. Wa kuinua bado. Sudi asafishe grisi kesho mchana, si jioni!! Wengine mseme jambo.

Zai, 19:10
👍

Da Rehema, 19:10
👍 ya klipu au ya kuinua?

Jamali, 21:48
Bisibisi ninayo, iko kazini. Klipu naweza kuulizia kesho nikipata nafasi, nitumieni picha ya ile iliyokatika.

Sudi, 21:50
Vipande nimeshavitupa.

Jamali, 21:53
Basi piga picha ile ya kulia. Halafu mimi nilijua Bibi anahama Jumapili, Jumamosi niko safarini.

Da Rehema, 21:54
Nani alikwambia Jumapili?

Jamali, 21:57
Bibi.