Usipa, mbasa au perege wa Mtera: nani anafaa chungu cha watu sita?

Dada wa Uyole: Wadau, naomba ulinganisho. Napikia watu sita, wawili ni watoto wadogo. Nichukue usipa wabichi wa Kyela (wale dagaa wa Ziwa Nyasa), mbasa (samaki mkubwa wa ziwa hilo hilo), au perege wa Bwawa la Mtera?

Mvuvi wa Matema: Dada, kwa usipa tazama mwezi kwanza. Huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga ndio unaowakusanya. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, wabichi wanakuwa adimu, na unaweza kuuziwa wa juzi. Nunua siku za giza. Angalia tumbo: likiwa limepasuka, muache, maana kilichomo tumboni kimeshaanza kumuozesha.

Mbasa hupanda mitoni kutaga mvua zikikolea. Mwenye mayai tafadhali usimnunue. Huko ni kula mbegu, na nyavu zinazotegwa midomoni mwa mito zinatumalizia samaki huyu.

Jiko la Mwanjelwa: Kwa utamu mbasa anawashinda wote, ila ana vimiiba vyenye panda kama manati, vimezama ndani ya nyama, mbali na uti. Ukimchemsha vipande vikubwa unawatesa wageni. Mpare magamba, mlaze ubavu, mchanje kutoka mgongoni kwenda tumboni, mistari iachane nusu sentimita. Kisu kiwe kikali. Utasikia vimiiba vinakatika "kri, kri" mpaka ukaribie uti. Kilo moja: chumvi kijiko cha chai, ndimu moja, dakika 20. Mfute akauke kabisa.

Mafuta yafike nusu ya unene wake. Chovya mwiko wa mti; ukitoa mapovu pembeni, yako tayari. Dakika nne za mwanzo usimguse. Ukimgeuza mapema ngozi inabaki kwenye kikaango na nyama inasambaratika. Hata hivyo, watoto wasipewe.

Bwawani: Hapo umesema kweli. Kwa watoto ni perege: miiba yake mikubwa, inaonekana. Watu sita, kilo mbili kabla ya kusafishwa. Wengine humlaumu kwa harufu ya tope. Toa matamvua, kisha kwangua ule utando mweusi ndani ya tumbo mpaka nyama iwe nyeupe. Limao na chumvi nusu saa, suuza.

Kumsafirisha kutoka Mtera hadi Mbeya ni safari ndefu: toa utumbo kwanza, barafu kilo kwa kilo ya samaki, na ndoo itobolewe chini. Samaki akilala kwenye maji ya barafu anapauka na ladha inakwenda.

Dada wa Uyole: Asanteni. Huku juu kwenye baridi niongeze muda wa kuchemsha?

Jiko la Mwanjelwa: Hapana, dada. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana maharage yanatuchelewesha, lakini samaki huiva chini ya hapo. Kaanga vitunguu viwili, nyanya sita zikauke mpaka mafuta yajitenge, maji vikombe viwili. Yakichemka panga perege, punguza moto, dakika 12. Usikoroge; tikisa sufuria. Ndimu iingie ukishaepua.

Mvuvi wa Matema: Ukikosa usipa wabichi, chukua wakavu robo kilo, waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mchangani hata uoshe mara nne bado wanasaga meno. Wakaange bila mafuta dakika tatu, ndipo uoshe kwa maji ya vuguvugu. Ukiwaloweka wanavurugika.