Ukoka unakufa chini ya mwembe

Wadau, niko Tanga. Ukoka wangu umestawi kote, ila chini ya mwembe umebaki mchanga mtupu. Nimeshapanda mara mbili. Nifanyeje?

— Ukoka unataka jua, dada. Hapo weka nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana. Zinavumilia kivuli, hata mchanga wa pwani wenye chumvi. Mimi nilipanda vikonyo, yaani vipande vya mashina, kila kimoja unyayo mmoja kutoka kingine, mwanzoni mwa masika. Usikate chini sana, acha kama vidole vinne. Na majani ya mwembe uyafagie, yanazifunika.

— Punguza matawi pia. Kwenye giza totoro hakuoti kitu.

— Asanteni. Mwembe ni wa mama mkwe, panga sigusi!