Kaka kaambiwa ana fangasi kwenye ubongo, wazee wamekataa asitolewe maji mgongoni. Msaada wakuu

BintiMoro ameandika:

Habari za jioni wakuu, naandika haraka maana niko hospitali na chaji inaisha. Kaka yangu ana miaka 34, anaishi na virusi muda mrefu tu na alikuwa anachukua dawa zake CTC (kliniki ya wenye VVU) bila shida mpaka alipoenda kutafuta maisha machimboni, huko akaacha dawa na sisi nyumbani hatukujua chochote. Mwezi uliopita karudi anaumwa kichwa. Siyo kichwa cha kawaida, panadol haisaidii, diklofenaki haisaidii, analala kajifunika kanga usoni maana mwanga hautaki kabisa. Zahanati ya kwanza wakasema malaria akapewa mseto, ya pili wakasema taifodi akachomwa masindano, kichwa kiko palepale, alafu akaanza kutapika, akawa anasema anaona vitu viwili viwili, juzi usiku akaanza kuongea mambo hayaeleweki na bimkubwa akasema huyu katupiwa kitu apelekwe kwa mtaalamu. Mimi nikagoma nikamleta hapa hospitali ya mkoa.

Wamempima damu wanasema ana fangasi ameingia mpaka kwenye ubongo na CD4 zake (zile chembe za kinga) ni 31. Sasa wanataka kumtoa maji kwenye uti wa mgongo na wanasema huenda wakarudia kila siku. Bamdogo kakataa katakata, anasema kuna jirani yao alichomwa mgongo asubuhi jioni akafa. Na kingine kinachoniumiza roho, wamesema hawamrudishii ARV, dawa zake za virusi, kwanza mpaka zipite wiki kama tano. Hivi hii ni adhabu kwa kuwa aliacha dawa? Na fangasi mi najua wa vidoleni na sehemu za siri, huyu wa ubongo katokea wapi? Fomu ya kusaini iko hapa mkononi, nisaidieni wanaojua.

Mtu_wa_Tanga:

Pole sana dada. Hapo ubongo umevimba, mi nimewahi kuona mtu mwenye uvimbe kichwani alipewa deksa, ile dawa ya kushusha uvimbe, akapata nafuu siku hiyohiyo, hebu mwambie daktari ampe deksa kwanza kabla ya hayo mambo ya mgongo, au uinunue pale famasi ya nje.

Nesi_CTC:

Mtu_wa_Tanga tafadhali sana, hiyo deksa hapana. Kwa uvimbe wa aina nyingine inasaidia ila kwa fangasi huyu ilishajaribiwa kwenye utafiti mkubwa uliofanyika nchi kadhaa za Afrika na Asia, Uganda ikiwemo, matokeo yakatoka 2016, na ilibidi wausimamishe kabla ya muda maana waliopewa deksa walikuwa wanaumia zaidi na fangasi alikuwa anachelewa kufa kwenye maji ya mgongo. Kwahiyo BintiMoro usinunue kitu chochote nje na kumpa mgonjwa bila daktari kujua.

Sasa mdogo wangu nisikilize. Nimefanya kazi CTC miaka mingi na ugonjwa huu ndo unaoniumiza kuliko yote, maana wagonjwa wanaletwa wamechelewa, wameshazungushwa malaria taifodi malaria taifodi. Mtu mwenye VVU aliyeacha dawa, akaumwa kichwa wiki mbili tatu kisichosikia dawa, huyo apimwe CrAg, kipimo cha fangasi huyu, kabla ya kitu kingine chochote. Wengi wanasubiri shingo ikakamae ndo waamini ni homa ya uti wa mgongo, hapana, wengi wa hawa shingo zao ni laini kabisa.

Huyo fangasi anaitwa kriptokokasi, hana undugu wowote na huyo wa vidoleni. Anakaa kwenye udongo, kwenye miti inayooza, kwenye vinyesi vya ndege hasa njiwa, na anapeperuka na vumbi, mimi na wewe tumeshamvuta puani mara nyingi tu. Kinga ikiwa nzima anadhibitiwa kwenye mapafu basi, hata hujui kama alipita. CD4 zikishuka chini ya 100 ndo anapata nafasi ya kupanda mpaka kwenye utando wa ubongo. Hamjaambukizwa na hamuambukizwi, mkalisheni, mlisheni, mshikeni mkono, hakuna shida.

Kuhusu mgongo: SAINI HIYO FOMU. Kwa ugonjwa huu kutoa maji siyo kipimo peke yake, ni tiba. Fangasi huyu ana gamba zito la ute linalomzunguka, wakizaliana wanaziba vile vijia ambavyo maji ya ubongo hupitia kurudi kwenye damu, yaani ni kama mtaro wa mtaani uliojaa takataka wakati wa masika, maji yanaendelea kuja na hayana pa kutokea. Ndo maana kichwa kinapasuka, anaona viwili viwili, anaongea hovyo. Hakuna kidonge kinachoshusha hiyo presha ya maji kichwani haraka. Ukiyatoa kwa sindano presha inashuka na mara nyingi mgonjwa anakwambia palepale kitandani kwamba kichwa kimepungua. Uganda walifuatilia wagonjwa kama hawa wakakuta waliorudiwa kutolewa maji mapema walikufa wachache zaidi kuliko ambao hawakurudiwa.

Huyo jirani wa bamdogo simjui, ila jambo linalotokea kila siku ni kwamba ndugu wanakataa, wanakataa, mgonjwa akishazimia ndo wanakubali, sindano inachomwa saa nne, mtu anafariki jioni, basi mtaa mzima unasema kauawa na sindano. Kilichomuua ni presha iliyoachwa siku zote zile.

ARV nitarudi, nina mgonjwa hapa.

BintiMoro:

Asante sana dada nesi, nimemsomea bamdogo yote hayo kwa sauti. Anauliza je maji yakitolewa kila siku si yataisha mgongo ukauke? Na je hatopooza?

Fundi_Maabara:

Naomba nijibu hilo la maji. Mwambie mzee kwa heshima kwamba ndani ya ubongo na uti wa mgongo kuna maji kama mililita 150 tu kwa wakati mmoja, ila mwili unatengeneza kama nusu lita kila siku, kwahiyo wakitoa mililita 20 au 30 yanarudi ndani ya masaa. Hayaishi. Na kupooza, sindano inaingizwa chini mgongoni usawa wa kiuno, pale ambapo uti wenyewe umeshaishia juu, imebaki mishipa inayoelea kwenye maji na inasogea sindano ikipita. Maumivu ya mgongo au kichwa siku moja mbili yanaweza kuwepo. Wapo wagonjwa ambao daktari anasita kidogo, mfano mwenye upande mmoja umelegea au anayedegedeka, huyo wanapenda apigwe picha ya CT kwanza, hayo ni maamuzi ya daktari aliyemuona.

Mkishakubali omba kitu kimoja: wapime presha ya hayo maji kwa ule mrija mrefu uliosimama, na namba iandikwe kwenye faili. Ikizidi sentimita 25 ndo wanatakiwa warudie kesho yake, mpaka ishuke na itulie. Hospitali nyingine mrija huo haupo, wanatoa maji na kukadiria tu, bado ni bora kuliko kutokutoa.

Mimi ndo napokea hayo maji upande huu. Zamani tulikuwa tunachanganya tone na wino mweusi kwenye kioo, ukiangalia kwenye darubini kote kunakuwa giza alafu unawaona wale fangasi wa mviringo, kila mmoja amezungukwa na uwazi mpana unaong'aa, hilo ndo gamba analosema nesi, wino haupenyi. Kuna siku unaangalia sampuli wamejaa hawahesabiki unajua huyu mtu kichwa kinamuuma kiasi gani hata kama hujamuona. Shida wino unawakosa wengine wakiwa wachache. CrAg ni kijiti tu, tone la damu au la maji ya mgongo, dakika kumi mistari miwili imetoka. Na inaweza kuonekana kwenye damu wiki kadhaa KABLA kichwa hakijaanza kuuma. Hapo ndo roho inaniuma, maana mtu angepimwa siku ile anarudi CTC na CD4 ndogo, angepewa vidonge vya fangasi, flukonazo, na asingefika kwenye sindano ya mgongo. Dar es Salaam na Lusaka walifanya utafiti, ukatoka 2015, waliopimwa CrAg mapema na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo vifo vilipungua kwa asilimia 28 ukilinganisha na huduma ya kawaida.

Nesi_CTC:

Nimerudi. Kucheleweshewa ARV siyo adhabu mdogo wangu, ondoa hilo wazo. Ukianza ARV leo kinga inaamka ghafla, inakuta fangasi wamejaa kichwani, inaanza vita na ubongo unazidi kuvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Hili lilipimwa Uganda na Cape Town, matokeo yakatoka 2014, walioanzishwa ARV ndani ya wiki moja mbili walikufa asilimia 45 ndani ya miezi sita, waliosubiri kama wiki tano wakafa asilimia 30. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Kwahiyo WHO wanasema wiki 4 mpaka 6 baada ya kuanza dawa za fangasi. Hapo katikati anaendelea na septrini, ile ya kuzuia magonjwa nyemelezi, kama kawaida, na wamuangalie pia TB maana hawa wawili wanapenda kutembea pamoja.

Mama_Wawili_Bukoba:

BintiMoro mdogo wangu pole, mimi haya yalimkuta mume wangu. Alitolewa maji mara kadhaa na kila wakitoa alikuwa anaomba chai, asubuhi alikuwa hanijui mimi ni nani. Sasa hivi anaendesha bajaji na virusi havionekani kwenye kipimo. Jikoni kwangu nilitundika kalenda natia alama kila akimeza flukonazo, maana baada ya kutoka hospitali mtu anajiona mzima na ndo hatari inapoanzia, mwenzie aliyelala kitanda cha jirani aliacha vidonge na akarudi na kichwa kilekile. Macho yake yalichukua muda kurudi vizuri, usikate tamaa kama wa kaka yako ataendelea kuona viwili kwa muda.

BintiMoro:

Wakuu Mungu awabariki. Bamdogo amesaini. Wametoa maji, presha ilikuwa 41, wamesema kesho wanarudia. Amelala, halalamiki kichwa, amekunywa uji kikombe kizima. Sasa kuna dawa wameandika, moja ya dripu wamesema atachomwa mara moja tu basi, nyingine vidonge vingi kweli kila baada ya masaa sita. Nimeogopa, ugonjwa mkubwa hivi dripu moja inatosha? Au kwa kuwa hatuna hela?

Nesi_CTC:

41! Afadhali mmesaini leo.

Hapana dada, hiyo ndo tiba mpya na umshukuru Mungu hospitali yenu wanayo. Dawa ya dripu ni amfoterisini, hiyo ya kisasa imefungwa ndani ya mafuta ndo maana wanaweza kutoa dozi kubwa kwa mkupuo mmoja, miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa. Vidonge vya kila masaa sita ni flusaitosini, na kuna flukonazo 1200 kwa siku, hizo mbili siku 14. Utafiti wake ulifanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, ukatoka 2022, dripu moja ilifanya kazi sawa na ile ya siku saba mfululizo na madhara yakawa machache, na mwaka huohuo WHO wakaipitisha. Ile ya zamani ilikuwa inatesa, mgonjwa anatetemeka kitanda kinagonga, figo zinaumia, potasiamu inashuka, damu inapungua. Hata hii mpya wafuatilie figo, potasiamu na wingi wa damu, wewe uliza tu kwa upole majibu yametokaje, ni haki yako. Na hivyo vidonge usiruhusu dozi ya usiku irukwe, wodi zina wagonjwa wengi na nesi mmoja, weka alamu umwamshe wewe.

Baada ya hizo wiki mbili flukonazo 800 kwa siku wiki nane, alafu 200 kila siku mpaka kinga ipande na virusi vishuke, hii ni muda mrefu, mwaka na zaidi. Asiache mwenyewe kwa kuwa amenenepa. Akishaanza ARV na kichwa kikarudi, msibaki nyumbani kusubiri, rudini hospitali siku hiyohiyo, inaweza kuwa kinga inapigana au fangasi karudi, na tofauti yake wanaijua kwa kupima tena hayo maji.

Mtu_wa_Tanga:

Nimejifunza kitu, asante nesi. Swali moja, kwa mama huku kuna banda la njiwa na shemeji yangu naye anatumia dawa, tuwauze hao njiwa?

Fundi_Maabara:

Kama anameza dawa zake na virusi viko chini, njiwa wabaki tu. Kuwatoa hakumkingi mtu ambaye CD4 zake ziko chini, maana vumbi la mtaani lina fangasi huyohuyo. Shemeji asiwe yeye anayefagia banda, na anayefagia amwagie maji kwanza vumbi lisitimke. La maana zaidi aulize CTC kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi kilikuwa lini, na kama amewahi kukatiza dawa apime CD4 na CrAg hata kama haumwi popote.