Vidole vya bibi vinajikunja baada ya kiharusi, naombeni ushauri mnaofanya kazi nyumba za wazee

Binti_wa_Zamu:
Habari wakuu. Nahudumia wazee kwenye kituo kimoja hapa Minnesota. Kuna bibi alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu. Alipoletwa vidole vilikuwa vinanyooka. Sasa vimezama kiganjani, kucha zinamchoma na kiganja kinatoa harufu. Banzi lake, kile kifaa cha kushikilia vidole vikae wazi, nimelikuta kwenye droo. Msaidizi wa mazoezi, tukipungukiwa watu, anahamishiwa kuogesha. Nikijaribu kumkunjua vidole analia. Nifanyeje?

Nesi_Mstaafu:
Pole mwanangu. Usivute ncha za vidole kabisa. Kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, kano zilegee, halafu ufungue taratibu ukianzia dole gumba. Msuli wa kiharusi ukiuharakisha ndio unazidi kukaza, kwa hiyo ukikutana na ukinzani, tulia hapo hapo usubiri. Wakati mzuri ni baada ya kuoga maji ya uvuguvugu. Kama ana dawa ya maumivu, nesi ampe mapema. Kausha kabisa katikati ya vidole. Na kama kuna mto chini ya magoti yake usiku kucha, uondoe, magoti nayo yatakaza.

Baraka_K:
Lakini mapitio ya Cochrane ya 2017 (wale wanaokusanya na kupima tafiti za tiba) yalionyesha kunyoosha viungo hakuleti tofauti ya maana. Tunawatesa bure?

Nesi_Mstaafu:
Ndiyo maana usitegemee kunyoosha tu. Akae kitini, ajifute uso mwenyewe, mkono wenye nguvu uuongoze ule dhaifu. Kiganja chenyewe lazima kifunguliwe, la sivyo kitaoza.

Mama_Wawili:
Dada, kanuni za serikali kuu ya Marekani zinasema mkazi aliyeingia na viungo vizima asipoteze uwezo wa kuvikunja na kuvinyoosha, isipokuwa ugonjwa ufanye lisiepukike. Ripoti kwa maandishi kwa nesi msimamizi, omba mtaalamu wa viungo ampime upya. Programu ya mazoezi ikishaandikwa, siku huhesabika mazoezi yakifika dakika 15, na unaweza kuzigawa dakika hizo: kidogo akivaa, kidogo akila. Ila usisaini dakika ambazo hazikufanyika, hata wakikubana.

Binti_wa_Zamu:
Asanteni sana. Lile banzi nimvishe kesho?

Nesi_Mstaafu:
Hapana, subiri apimwe. Lilitengenezwa vidole vikiwa wazi. Ukililazimisha sasa litamchuna. Akipewa jipya, fuata saa zilizoandikwa, na kila ukilivua kagua ngozi. Wekundu usiopotea, mwite nesi.