Ujumbe wa WhatsApp unahesabika kama kukiri deni la biashara? Naombeni ushauri

Njia_Panda: Wakuu, leo siku ya tatu sijapata usingizi. Miaka kadhaa nyuma nilichukua mzigo kwa msambazaji, biashara ikayumba, sikumalizia kulipa. Mkataba hatukuandikishana, ni invoisi tu. Sasa wakili wake kaniletea barua ya madai, anasema deni "nimelikiri kwa maandishi". Maandishi yenyewe ni ujumbe wa WhatsApp! Sikusaini popote. Hivi hilo linasimama?

Mama_Duka: Lipa deni la watu ulale. Mimi kuna mtu alinililia nimkopeshe bidhaa, leo akiniona anavuka barabara. Mkikopa wapole, mkidaiwa simba.

Kalamu_Nyekundu: Mama, hakuuliza hilo. Mkuu, uliandika nini hasa, na lini?

Njia_Panda: Ujumbe wa kawaida tu wa kumtuliza. Salamu na kadhalika.

Kalamu_Nyekundu: Hiyo "na kadhalika" ndiyo kesi yenyewe. Weka maneno.

Njia_Panda: Haya. "Samahani kaka, salio lako nalitambua, mambo yakikaa sawa nitaanza kulipa kidogo kidogo." Chini nikaweka jina langu. Ni mwaka jana, deni lilikuwa linakaribia miaka sita. Lakini kiasi sikutaja, na ujumbe nimeshaufuta. Wakili nimeshamjibu kwamba deni hilo silijui. Ningefanyaje, alinipa siku 7 tu!

Kalamu_Nyekundu: Umeufuta kwako, kwake upo. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo muone wakili wa huko uliko. Ila chukua mfano wa Uingereza: Sheria ya Ukomo ya 1980 inampa mdai miaka 6 ya kwenda mahakamani kwa deni la mkataba wa kawaida. Mdaiwa akilikiri kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha, miaka inaanza kuhesabiwa upya. India ni miaka 3, na kukiri nako kunafanya kazi hivyo hivyo. Saini si lazima wino. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubali jina lililochapwa kwenye teleksi (mtambo wa zamani wa kutumiana ujumbe wa kuchapa) kuwa saini. Na kutotaja kiasi hakukuokoi, kiasi kinaweza kuthibitishwa kwa invoisi hizo hizo.

Dole_Juu: Hata jina si lazima siku hizi. Saskatchewan, Kanada, 2023, mkulima alitumiwa picha ya mkataba akajibu kwa emoji ya dole gumba. Jaji akasema hiyo ni saini 👍 (naitoa kwa tahadhari)

Kalamu_Nyekundu: Ile ilikuwa kuingia mkataba, si kukiri deni.

Bwana_Stoo: Mimi niliwahi kuwa mdai. Mteja aliniandikia "nimepokea ujumbe wako, tutaongea". Nikashangilia, nikamkimbilia wakili. Akaniambia hapo hajakiri kitu, kakiri kupokea ujumbe tu. Niliumia sana. Ningekuwa na "salio lako nalitambua" kama la huyu ndugu, ningelala fofofo.

Macho_Manne: Wadau, tunapigwa. Kafuta ujumbe wa mwaka jana, halafu anaunukuu neno kwa neno mpaka koma? Huyu ndiye mdai. Anataka kujua mdaiwa wake atajiteteaje.

Dole_Juu: Duh! Kweli kabisa.

Mama_Duka: Kama ndiye mdai, mwanangu, nakuunga mkono, mbane.

Njia_Panda: Mimi si mdai jamani! Nimenakili kutoka kwenye barua ya wakili. Wameambatanisha picha ya skrini, jina langu na tarehe vinaonekana.

Kalamu_Nyekundu: Subiri. Picha ulikuwa nayo mkononi, na bado ukamwandikia kwamba deni hulijui?

Njia_Panda: Nilipaniki mkuu.

Kalamu_Nyekundu: Basi wasiwasi wa ujumbe wa mwaka jana uweke kando kwanza. Hilo jibu la juzi nalo ni maandishi, na umelisaini. Lipeleke kwa wakili kesho asubuhi pamoja na barua yao, kabla hujaandika neno jingine.

Njia_Panda: Kuna la pili nilimtumia jana usiku.