Tupeane uzoefu: imeili ya ofisi inapogoma ukiwa nyumbani

Mkazi wa Goba:
Wakuu, salaam. Mvua hizi Jangwani pakijaa maji tu, bosi anatupia ujumbe kwenye grupu: leo fanyieni kazi nyumbani. Raha inaisha pale unapowasha laptopu na imeili ya ofisi haifunguki. WhatsApp inaingia, video zinacheza, imeili peke yake ndiyo imenuna. Ukimpigia kijana wa IT anakwambia "zima uwashe".

Mwenye kisa na dawa iliyofanya kazi aweke hapa. Mimi kabla sijampigia mtu nazima wifi kwenye simu, nawasha data, nafungua imeili kwa kivinjari. Ikifunguka, akaunti ni nzima, basi ugomvi uko kwenye laptopu au wifi ya nyumbani. Ikigoma huko nako, siparamii setingi za laptopu, maana tatizo ni paswedi, akaunti au seva yenyewe, ile kompyuta kuu inayotunza barua.

Fundi wa Posta:
Mkuu, mimi ni mmoja wa hao vijana wa IT, ila si wa ofisini kwako, kwa hiyo sina kinyongo 😂

Kisa kinachojirudia kwetu ni hiki. Mhasibu wetu anakaa Tegeta. Imeili kwenye simu yake inaingia akiwa ofisini tu, akishatoka getini kimya. Alikuwa keshaamini mtandao wa simu unamhujumu, akanunua laini nyingine, wapi. Nilipoishika ile simu na kuingia kwenye setingi za akaunti, mahali pa jina la seva pameandikwa 192.168.1.10. Sasa namba zinazoanza na 192.168 ni anwani za ndani. Nje ya mtandao wa ofisi hazikufikishi kwenye seva yenu hata uwe na bando la mwezi mzima. Aliyemuunganishia alikuwa amekaa naye meza moja, akajaribu, ikakubali, wakaagana.

Nikafuta, nikaandika jina kamili la seva, kupokea poti (namba ya mlango zinakopita barua) 993, kutuma poti 587, ulinzi ukawashwa pande zote mbili. Barua zikaanza kushuka palepale. Na ukikuta poti ya kutuma imeandikwa 25, ibadilishe. Watoa huduma wengi wa intaneti wanaifunga kwa wateja wa majumbani kwa sababu ya spamu, ndiyo maana mtu anapokea vizuri lakini akituma barua inaganda.

Mama Wawili, Kigamboni:
Kupokea napokea, kutuma inagoma. Nilijua ni bando! Ngoja nikaangalie hiyo poti.

Dada wa Mapokezi:
Kwetu paswedi zinaisha muda wake, lazima ubadilishe. Bosi akabadilisha yake Ijumaa jioni. Jumamosi yuko nyumbani, akaunti imefungwa. IT wakamfungulia, akanywa chai, imefungwa tena. Ikawa hivyo wikiendi nzima. Minong'ono ikaanza kwamba anadukuliwa, na watu wakaanza kumtaja jamaa aliyeachishwa kazi, masikini, hana hili wala lile.

Kumbe sebuleni kwake kuna tableti ya zamani watoto wanaangalizia katuni. Ina akaunti ya ofisi na ina paswedi ya zamani. Kila dakika chache inajaribu kuingia, inakosea, seva ikiona makosa yamezidi inafunga akaunti. Aliyegundua ni IT, kwenye rekodi za seva kifaa kilikuwa kimeandikwa kabisa. Tangu siku hiyo mtu akibadilisha paswedi namuuliza kwanza: una vifaa vingapi?

Shemeji wa Mbagala:
Zile namba sita za kuthibitisha kwenye programu ya simu nazo zina mambo yake. Kila sekunde 30 zinabadilika, na hesabu yake inafuata saa ya simu. Mdogo wangu alikuwa amesogeza saa mbele kwa mkono ili asichelewe mwendokasi. Kila namba anayoweka inakataliwa. Akarudisha saa kwenye kujirekebisha yenyewe, akaingia. Kuchelewa anachelewa vilevile.

Karani wa Zamani:
Wenye Outlook 2010, ile programu ya imeili, kwenye kompyuta za nyumbani na imeili ya ofisi iko Microsoft 365, msihangaike. Kuanzia Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima ule mfumo wa kuingia kwa jina na paswedi peke yake, na Outlook hiyo haiujui mfumo mpya. Itakuuliza paswedi mpaka asubuhi. Tumia kivinjari.

Mkazi wa Goba:
Na wa VPN, ile njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje?

Fundi wa Posta:
VPN ya ofisi inaweza kuandika "imeunganishwa" na bado huoni kitu. Angalia namba za ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachotoa wifi. Kama nyumbani ni 192.168.1 na ofisini ni 192.168.1, laptopu inaitafuta seva humo humo sebuleni. Badilisha ya nyumbani iwe 192.168.50 au nyingine yoyote, kazi imekwisha.

Halafu VPN iwe ile mliyopewa na ofisi, si ya bure mtu kajipakulia. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba wanaotumia VPN katika shughuli zao watoe taarifa zake, ikiwemo anwani ya IP, na tarehe ya mwisho ilikuwa 30 Oktoba. Waulizeni IT wenu kama walishapeleka.

Msafiri wa Kimara:
Kuna siku setingi hazina kosa lolote. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, Jumatatu yake nusu ya ofisi ikawa inamlaumu IT. Sisi seva yetu iko hapa hapa Dar, imeili za sisi kwa sisi zilikuwa zinapita, za wateja wa nje ndizo zilisota. Na 29 Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa nchi nzima, hapo utamlaumu fundi gani?

Mama Wawili, Kigamboni:
Nimeweka 587, inatuma! Ila naona jambo jingine. Tangu niunganishe imeili kwenye laptopu ya nyumbani, barua za wiki hii kwenye kompyuta ya ofisini sizioni. Zimekwenda wapi?

Fundi wa Posta:
Dada, angalia aina ya akaunti kwenye hiyo laptopu. Nahisi ni POP3. Hiyo, isipoambiwa iache nakala, inashusha barua na kuzifuta kwenye seva. Tunataka IMAP, inayoacha barua kwenye seva kila kifaa kizione. Lakini usiifute hiyo akaunti sasa hivi! Barua zako za wiki nzima huenda ziko humo tu. Ongeza ya IMAP pembeni, zihamishe folda kwa folda, hakikisha ofisini zimeonekana, ndipo uiondoe ya zamani.